Sura ya 6: Fedha za Bingwa Hutoka kwa Nani?

Mwambie mtu asiyefuatilia mashindano ya michezo ya kompyuta kwamba kijana wa miaka 22 alilipwa dola 400,000 kwa kushinda mchezo uliotoka mwaka 2010, naye atauliza papo hapo: pesa zote hizo zinatoka wapi? Wengi hujijibu wenyewe. Bila shaka wanaotazama ni wengi, na penye watu wengi hapakosi hela. Jibu hilo linaingia akilini kwa sababu ndivyo tulivyozoea kufikiri kuhusu muziki, filamu na mpira. Lakini tarakimu zinalikataa.

Kijana huyo ni Clément Desplanches, Mfaransa anayejulikana kwa jina la uchezaji la Clem. Agosti 2024, mjini Riyadh, alimchapa Mfini Joona Sotala, yaani Serral, kwa 5-0 katika fainali ya StarCraft II ya mashindano yaitwayo Esports World Cup. Mfuko wa zawadi wa mchezo huo ulikuwa dola 700,000, na yeye peke yake akaondoka na zaidi ya nusu. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo, jijini London, timu ya T1 ya Korea Kusini ilitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa League of Legends. Kilele cha watazamaji wa fainali hiyo, bila kuwahesabu walioko China, kilikaribia milioni 7 kwa wakati mmoja. T1 walipata karibu dola 445,000, na hizo ni za timu nzima. StarCraft II, kwa upande wake, huwa na siku njema ikipata watazamaji makumi ya maelfu.

Kwa hiyo mchezo wenye watazamaji wachache sana ulimlipa mtu mmoja karibu sawa na kile ambacho mchezo unaotazamwa kuliko yote uliwalipa mabingwa wake wote pamoja. Hii si bahati mbaya wala kosa la mhasibu. Hoja nitakayoijenga katika sura hii ni kwamba ukubwa wa zawadi hauwezi kukueleza wangapi wanatazama. Unakueleza nani analipa na anatafuta nini. Michezo ya mkakati ndiyo mahali pazuri pa kuliona jambo hili, kwa sababu katika miaka 25 imepitia mikono ya walipaji wa kila aina: kampuni za simu, kampuni inayomiliki mchezo, serikali ya nchi, na mwishowe watazamaji wenyewe.

Mchezo wenyewe ukoje

Mchezo wa mkakati wa papo kwa papo ni ule ambao hakuna anayesubiri zamu. Wachezaji wawili wanaanza sekunde ileile, kila mmoja na kituo chake kwenye kona ya ramani. Katika StarCraft II ya sasa kila mmoja huanza na vibarua 12 wanaochimba madini. Kibarua mpya hugharimu madini 50. Askari ana bei yake, jengo lina bei yake, na kila madini 50 unayomlipia kibarua leo ni askari ambaye hutakuwa naye dakika moja baadaye. Ukizidisha vibarua, utajiri wako unakua lakini mlango uko wazi. Ukizidisha askari, mwenzako anakupita kiuchumi. Uamuzi huo hurudiwa kila baada ya sekunde chache huku vita ikiendelea sehemu mbili au tatu za ramani, na wachezaji wa ngazi ya juu hufanya vitendo zaidi ya 300 kwa dakika, yaani mibofyo ya kipanya na vibonye vya kibodi.

Kinachowafanya watu watazame ni kitu kinachoitwa ukungu wa vita. Mchezaji huona tu sehemu za ramani ambazo askari wake au majengo yake yapo. Kwingine kote ni giza. Mtazamaji huona pande zote mbili. Chukua hali hii inayotokea mara kwa mara: mchezaji mmoja anajenga kwa siri jengo la kutoa askari wasioonekana kwa macho ya kawaida. Mtazamaji analiona jengo likiinuka kwenye pembe ya ramani. Mtangazaji anaanza kupaza sauti. Mpinzani, ambaye hajajenga kifaa cha kuwafichua askari hao, anaendelea kuchimba madini yake kwa utulivu kabisa. Sekunde 40 zijazo watu wanatazama wakiwa wameshika vichwa, kwa kuwa wanajua asilolijua anayecheza. Ufundi huu wa kumpa mtazamaji habari zaidi kuliko mhusika ni wa zamani katika tamthilia, na michezo ya mkakati iliupata bila kuutafuta.

Lakini starehe hiyo ina masharti. Asiyejua jengo lile ni la kazi gani haoni chochote cha kumshtua. Mpira hauna shida hiyo. Goli ni goli hata kwa mtoto. Michezo ya mkakati hutazamwa zaidi na watu waliowahi kuicheza, na ndiyo maana watazamaji wake hawajawahi kufurika kama wa League of Legends au Dota 2. Michezo hii miwili ni wajukuu wa ukoo huohuo: ilichipuka kutokana na ramani ambayo mashabiki waliitengeneza ndani ya Warcraft III, mchezo wa mkakati wa mwaka 2002. Tofauti ni kwamba mchezaji haongozi jeshi zima bali shujaa mmoja, akiwa na wenzake wanne. Kuifuata kwa macho ni rahisi zaidi, na kuicheza na marafiki pia.

Watazamaji huhesabiwaje

Kabla ya kuendelea, tahadhari kuhusu takwimu zenyewe. Utakutana na vipimo vitatu, na wanaotangaza mashindano huchagua kile kinachowapendeza:

- Kilele: idadi kubwa kabisa ya watu waliokuwa wakitazama kwa pamoja, hata kama ni kwa dakika moja tu.
- Wastani: idadi ya watu waliokuwepo kwa kawaida katika kila dakika ya matangazo.
- Saa za utazamaji: jumla ya muda wote uliotumiwa na watazamaji wote.

Kuna na cha nne, idadi ya mara matangazo yalipofunguliwa, ambacho afadhali ukipuuze kabisa. Anayefungua na kufunga baada ya sekunde mbili huhesabiwa sawa na aliyekesha. Hata vile vitatu vya kwanza hupikwa. Matangazo hupachikwa kwenye kurasa za tovuti yakawa yanajichezea chini ya habari ambayo msomaji anaisoma. Watu huahidiwa zawadi ndani ya mchezo iwapo wataacha matangazo wazi, basi wanayaacha wazi na kwenda kupika. Zipo pia programu zinazojifanya watu. Majukwaa ya China nayo kwa miaka mingi yalikuwa yakitoa namba za umaarufu ambazo hazikuwa hesabu ya vichwa, na ndiyo sababu wachambuzi makini huziweka kando. Mimi hupendelea wastani. Haupendezi kwenye matangazo ya biashara, lakini ndio unaomwambia mdhamini ukweli: watu wangapi walikuwepo wakati nembo yake ilipoonekana.

Korea: watu laki moja ufukweni

Hadithi ya fedha katika michezo ya mkakati huanzia Korea Kusini. StarCraft ya kwanza ilitoka Machi 1998, miezi michache baada ya msukosuko wa kifedha wa 1997 kuwatupa nje ya kazi maelfu ya Wakorea. Wengi waliokuwa na kiinua mgongo mkononi walifungua PC bang, yaani vyumba vya kukodisha kompyuta kwa saa, wakati ambapo serikali nayo ilikuwa ikisambaza intaneti ya kasi nchi nzima. Vijana walijaa humo, na StarCraft ndiyo iliyochezwa. Mwaka 2000 nchi hiyo ilikuwa na chaneli ya televisheni ya michezo ya kompyuta, OnGameNet, na chama cha kusimamia wachezaji wa kulipwa, KeSPA. Lim Yo-hwan, aliyejulikana kama BoxeR, alikuwa na klabu ya mashabiki iliyozidi watu laki 5. Julai 2004, fainali ya ligi ya timu ilichezwa kwenye ufuko wa Gwangalli mjini Busan, na waliojitokeza walikadiriwa kufika laki moja.

Hapo ndipo msomaji hutarajia kusikia zawadi za kutisha. Hazikuwepo. Chanzo kikuu cha riziki kwa mchezaji wa Korea wa wakati ule kilikuwa mshahara, na mshahara ulitoka kwa timu zilizomilikiwa na makampuni: SK Telecom na KT, ambazo ni kampuni za simu na intaneti, Samsung, inayouza vifaa, CJ, yenye biashara za chakula na burudani. Hata jeshi la anga lilianzisha timu yake, ACE, mwaka 2007, ili wachezaji walio katika utumishi wa lazima waendelee kucheza. Sababu ya makampuni hayo kulipa ilikuwa wazi. Kijana aliyeketi mbele ya OnGameNet usiku ndiye huyohuyo aliyekuwa akichagua kampuni ya simu kesho yake. Hapa, kwa mara moja katika historia yote hii, watazamaji na fedha vilifungamana kweli: mlipaji aliwataka watazamaji hasa, na aliwalipa wachezaji kila mwezi kwa kuwaleta.

Kwa nini mfumo mzuri namna hiyo ulivunjika? Sababu moja ilikuwa aibu. Mwaka 2010 iligundulika kwamba wachezaji kadhaa, akiwemo bingwa wa zamani Ma Jae-yoon, walikuwa wakipanga matokeo kwa ajili ya wacheza kamari, na KeSPA ikawafungia 11 kwa mkupuo. Sababu ya pili ilikuwa na athari ya muda mrefu zaidi. Mwenye mchezo alikuja kudai chake.

Mwenye mchezo anapoingia, na anapoondoka

Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Azam Media ilipokubali mwaka 2021 kulipa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 ili kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania, ilizungumza na TFF, na hakuna kampuni nje ya mkataba huo iliyoweza kusema kwamba dakika 90 zenyewe ni mali yake. StarCraft ina mwenyewe. Kila askari, kila ramani, kila mlio wa risasi ni mali ya Blizzard ya Marekani, na kisheria anaweza kukuzuia kuuonyesha. Kwa miaka 10 chaneli za Korea zilikuwa zikirusha mashindano bila ridhaa yake. Mwaka 2010, StarCraft II ilipotoka, Blizzard iliipa kampuni nyingine, GomTV, haki za pekee nchini Korea, ikagombana na chaneli za zamani, na ugomvi haukumalizika hadi 2011. Ligi mpya ya GomTV, GSL, ilianza mwaka huohuo wa 2010 na ikampa bingwa wake wa kwanza, Kim Won-ki, won milioni 100. Angalia kilichobadilika. Mshahara ulipungua umuhimu, zawadi ikapanda, na mlipaji hakuwa tena mtu anayetaka kumuuzia mtazamaji simu. Alikuwa anayetaka kumuuzia mchezo.

Hilo likawa ndilo chimbuko la zawadi kubwa za muongo uliofuata. Blizzard iliweka fedha katika mfululizo wa mashindano ya dunia kwa sababu kila mashindano yalikuwa tangazo la bidhaa yake. Mwaka 2017 mchezo ulifanywa wa bure na biashara ikahamia kwenye mapambo: mavazi mapya ya askari, sauti mpya za watangazaji. Asilimia 25 ya mauzo ya fungu moja la mapambo hayo, War Chest, ilitengwa kwa ajili ya mashindano. Fainali ya dunia ya 2018 ikawa na mfuko wa dola 700,000, ambapo 200,000 zilitoka kwenye mauzo hayo. Serral alishinda, akachukua 280,000, na akawa mtu wa kwanza asiye Mkorea kutwaa taji hilo.

Kisha, Oktoba 2020, Blizzard ikatangaza kwamba haitatengeneza tena bidhaa mpya za kulipia za StarCraft II. Mashindano yalikuwa tayari yamekabidhiwa kampuni ya ESL kwa mkataba wa miaka 3. Watazamaji hawakuwa wamekimbia. Kilichokwisha ni bidhaa ya kutangaza, na tangazo lisilo na bidhaa nyuma yake halina mtu wa kuligharimia.

Kwa kifupi hadi hapa: Korea ya zamani ililipa mishahara kwa sababu makampuni yalitaka watazamaji. Blizzard ililipa zawadi kwa sababu ilitaka wanunuzi. Watazamaji na wanunuzi ni watu walewale, lakini si biashara ileile.

"Lakini zawadi kubwa huvuta watu"

Hili ndilo pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu. Inasemekana hata kama watazamaji hawaleti zawadi, basi zawadi huleta watazamaji: taja dola milioni kadhaa na magazeti yatakuja yenyewe. Kwa bahati tunao mfano ambao mtafiti angeutamani. Mashindano ya dunia ya Dota 2, The International, yalianza 2011 na dola milioni 1.6. Tangu 2013 mfuko ulijazwa kwa asilimia 25 ya mauzo ya kitabu cha mapambo ambacho mashabiki walinunua kila mwaka, na ukapanda hadi ukavuka dola milioni 40 mwaka 2021, ambapo timu ya Team Spirit ilipata zaidi ya milioni 18. Kisha kampuni inayoumiliki, Valve, ikabadilisha mkondo na kuacha kuyafungamanisha mapambo yake makubwa na mashindano hayo. Mwaka 2023 mfuko ulikuwa dola milioni 3 na ushei.

Zawadi zilikatwa kwa zaidi ya asilimia 90. Kilele cha watazamaji, bila China, kilishuka kutoka karibu milioni 2.7 hadi karibu milioni 1.4. Kwa hiyo pingamizi lina ukweli fulani: kilele kilikaribia kupungua kwa nusu, na nusu si kidogo. Lakini kama zawadi ndiyo ingekuwa sumaku, kingeshuka nayo hadi chini. Tena kitabu cha mapambo kilikuwa na kazi nyingine ambayo husahaulika. Kilimfanya mnunuzi awe na hisa ya moyo katika mashindano, kwa kubashiri, kukusanya pointi na kufungua mapambo wiki baada ya wiki. Kilipoondoka, kiliondoka na zawadi na mazoea kwa pamoja, na sidhani kuna anayeweza kuvitenganisha kwa uhakika. Ukiongeza kwamba League of Legends ilivunja rekodi za watazamaji mwaka 2024 kwa mfuko usiozidi milioni 2 na robo, unabaki na kauli ndogo kuliko ile ya kwanza: zawadi kubwa huleta vichwa vya habari, na vichwa vya habari huleta baadhi ya watu kwa siku chache.

Pingamizi la pili linahusu wachezaji. Bila fedha, husemwa, vijana hawatajitokeza, na bila vijana mchezo utakufa kwa uzee. Hili nalikubali karibu lote, ila ninauliza fedha za aina gani. Ligi ya timu ya Korea, iliyolipa mishahara, ilifungwa Oktoba 2016. Nyumba za timu ambamo vijana waliishi, wakala na kufanya mazoezi pamoja zikafungwa nayo. Zawadi za bingwa hazikupungua mwaka uliofuata, zilipanda. Hata hivyo kizazi kipya cha Wakorea kilikauka, na hadi leo majina makubwa ya nchi hiyo ni ya watu walioanza enzi za nyumba hizo. Kijana wa miaka 16 haachi shule kwa ajili ya dola 280,000 za mtu mwingine. Anaacha kwa ajili ya mshahara mdogo ambao ana uhakika nao.

Wala zawadi kubwa haikuwa kinga dhidi ya uozo, kama ilivyodaiwa na wengi baada ya kashfa ya 2010. Lee Seung-hyun, yaani Life, alikuwa bingwa wa dunia wa 2014 na mmoja wa waliolipwa vizuri kuliko wote. Mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani kwa kupoteza mechi makusudi ili apokee won milioni 70. Mtu ambaye kipato chake kinategemea kushinda Novemba, wala hajui atapata nini Machi, ni rahisi kushawishiwa na yule anayemlipa Mei.

Upo mfano mmoja unaokwenda kinyume na hofu hii ya vipaji kukauka, na haki inanitaka niuseme. Januari 2023 mkataba kati ya Blizzard na mshirika wake wa China, NetEase, uliisha, na seva za michezo yake nchini humo zikazimwa. Wiki chache baadaye Li Peinan, Mchina anayecheza kwa jina la Oliveira, aliingia kwenye mashindano ya dunia ya StarCraft II mjini Katowice, Poland, akiwa mtu ambaye karibu hakuna aliyemtaja, na akamfunga Mkorea Maru 4-1 kwenye fainali. Mchezo aliokuwa bingwa wake haukuwa ukipatikana rasmi nyumbani kwake. Vipaji, basi, havifi siku mwenye mchezo anapofunga mlango. Huchukua miaka. Lakini kumbuka kwamba Oliveira naye alikuwa amekwisha kupikwa na miaka ya nyuma.

Fedha za Riyadh

Mwaka 2022 kampuni ya Savvy ya Saudi Arabia, inayomilikiwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya nchi hiyo, ilinunua ESL pamoja na FACEIT kwa dola bilioni 1.5. Mashindano ya Katowice ya 2024 yakawa ya mwisho kwa StarCraft II mjini humo, na kilele cha msimu kikahamia Riyadh. Esports World Cup ya mwaka huo ilitenga zaidi ya dola milioni 60 kwa michezo yote. Hapo ndipo dola 400,000 za Clem zilipotoka. Mwaka uliofuata Serral alitwaa taji hilohilo, na mfuko ulikuwa dola 700,000 kama awali.

Watetezi wa mpango huu wanasema mchezo uliotelekezwa na mwenyewe umeokolewa, na wachezaji wenye familia hawana nafasi ya kuchagua chanzo cha mkate wao. Wakosoaji wanasema nchi hiyo inanunua jina jema la kufunika rekodi yake ya haki za binadamu. Nadhani pande zote mbili zinasema kweli, lakini kwa swali la sura hii kuna jambo la tatu. Mlipaji huyu hauzi simu, wala hauzi mchezo huu, wala hahitaji tiketi zijae. Anataka orodha kamili ya michezo maarufu chini ya paa moja, ikiwemo ya zamani yenye heshima. StarCraft II ililipwa kwa sababu orodha ingeonekana pungufu bila yake. Ndiyo maana zawadi ingeweza kuwa kubwa namna ile kwa watazamaji wachache namna ile. Na ndiyo maana ingeweza kuondolewa kwa mstari mmoja wa kikao bila hata mtazamaji mmoja kuondoka.

Harambee ya watazamaji

Kuna walipaji wa aina ya mwisho, nao ni wanaotazama wenyewe. Wakorea wanaoipenda StarCraft ya kwanza hawakuiacha televisheni zilipoiacha mwaka 2012. Waliwafuata wachezaji wao wa zamani kwenye jukwaa la AfreecaTV, ambalo sasa linaitwa SOOP, na huko mtazamaji hununua puto za kidijitali na kumtumia mchezaji anayempenda. Jukwaa hukata sehemu yake na zinazobaki ni za mchezaji. Mwaka 2016 jukwaa hilohilo lilianzisha ligi. Mchezo wa 1998 bado unalisha watu mwaka huu.

Ulaya, Mjerumani Dennis Gehlen alianzisha HomeStory Cup mwaka 2010 nyumbani kwake Krefeld: wachezaji bora duniani wamekaa kwenye makochi, mtu aliyetolewa saa moja iliyopita anashika kipaza sauti na kuchambua mechi ya aliyemtoa, wengine wanapita nyuma ya kamera na sahani za chakula. Age of Empires II, mchezo wa 1999, una mashindano ya mtangazaji anayejulikana kama T90Official, yaitwayo Hidden Cup, ambamo wachezaji hufichwa nyuma ya majina ya watu wa historia na mtazamaji anakisia nani ni nani kwa namna anavyojenga. Watazamaji huchangia mfuko wa zawadi moja kwa moja. Mchezo huo unaye pia mdhamini mkubwa mara kwa mara. Mwaka 2022 Red Bull iliupeleka ndani ya kasri la Heidelberg, Ujerumani. Hata hivyo kalenda ya mwaka mzima hushikiliwa na waandaaji wadogo na michango midogo.

Mipaka ya harambee ni rahisi kuikokotoa. Tuseme watu 2,000 wanatoa dola 5 kila mmoja. Hizo ni dola 10,000. Mpe bingwa 3,000, wagawie wengine 15 zilizobaki kwa kupungua, na anayetolewa raundi ya kwanza anapata mia mbili hivi. Hakuna gazeti litakaloandika habari hiyo, na hakuna mzazi atakayeridhika mwanawe aache chuo kwa ajili yake. Lakini dola 700,000 zilizotolewa Riyadh kwa mashindano ya siku chache zingegharamia mashindano kama hayo 70, zaidi ya moja kila wiki kwa mwaka mzima, na mchezaji anayeshika nafasi ya 12 duniani angekuwa na kitu cha kupangia kodi ya nyumba. Wachezaji wengi wa daraja la kati wangelichagua hilo bila kusita. Clem, nadhani, asingelichagua. Na mwenye fedha hangekuwa na sababu yoyote ya kulitoa, kwa kuwa mashindano 70 ya mtandaoni hayampi jukwaa hata moja la kumkabidhia mtu kombe mbele ya kamera.